Volti 0.06 zilizonikosesha raha

"Hebu sikiliza hii. Haya, sasa hii."

Mshikaji wangu ana kistudio Sinza, chumba kimoja, godoro limesimamishwa ukutani kuua mwangwi, na siku hiyo tulikuwa watu wanne tunasubiri mvua ikatike. Mezani kulikuwa na vidude viwili. Kimoja ni kile kiadapta cheupe cha Apple cha kuchomekea iyafoni kwenye tundu la Type-C, kwao kinauzwa dola 9. Kingine ni boksi jeusi zito lenye nobu kubwa ya kuzungusha, mteja mmoja alimwachia kama sehemu ya deni. Hedifoni ni hiyo hiyo, wimbo ni huo huo, yeye anahamisha waya tu na sisi tumefumba macho. Cha kwanza akakiita A, cha pili B.

Wote tukasema B.

Mmoja akasema B ina besi iliyoshiba. Mwingine akasema waitikiaji wamesogea nyuma, kila mtu ana nafasi yake. Mimi nikasema B ina uhai, sijui hata nilimaanisha nini, ila wenzangu wakatikisa kichwa kukubali. Mwenye studio hakujibu. Akachukua ile mita ya mafundi umeme, akacheza mlio mmoja wa hezi 60, akagusisha ncha za mita kwenye pini ya waya. A ikasoma volti 0.30. B ikasoma 0.36.

Ukiipeleka kwenye desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, hiyo tofauti ni kama 1.6. Ni ndogo kiasi kwamba hakuna mtu anayesema "hii umeiongeza sauti", anachosema ni "hii tamu". Jamaa akashusha B mpaka nayo ikasoma 0.30, akarudia zoezi, na hapo kila mtu akawa na herufi yake, na tulivyorudia tena tukazibadilishana.

Kilichoniganda kichwani wiki zote zilizofuata ni kwamba ile tofauti ya mara ya kwanza ilikuwepo. Mita iliiona. Masikio yalifanya kazi yake vizuri kabisa, halafu midomo ikaja na maelezo ya kwake.

Anko, nichukue ipi?

Pengine ningeyaacha hayo Sinza kama isingekuwa meseji ya mpwa wangu.

"Shikamoo anko. Nina laki na ishirini, nataka DAC na amplifaya ya zile Beyer. Wanasema bila amplifaya ya maana nazionea tu. Nichukue ipi?"

Kijana yuko chuo Dodoma. Hizo Beyer ni hedifoni za Beyerdynamic, DT 990 Pro, alizipata kwa mkono wa pili kutoka kwa produsa mmoja, ile ya omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) yenye waya wa kujikunja kama wa simu za mezani za zamani, na tangu hapo amezama kwenye video za watu wanaofungua maboksi. Laki na ishirini kwake ni msosi wa siku nyingi tu. Na mimi ndo kwanza nimetoka kuona watu wazima wanne wanaisifia volti 0.06 kama vile wamekutana na malaika.

Nikamwandikia "marahaba, nipe muda kidogo".

Akakaa siku mbili akatuma alama ya kuuliza.

Hesabu kwanza, ubishi baadaye

DAC ni kile kinachogeuza namba za faili la muziki kuwa umeme wa sauti, amplifaya ni kile kinachoupa umeme huo nguvu ya kusukuma hedifoni. Nilianza na kitu ambacho hakina hisia ndani yake. Mtengenezaji wa DT 990 Pro anasema ukiipa miliwati 1 inatoa desibeli 96. Kwenye omu 250, miliwati 1 inapatikana kwa nusu volti. Ukiipa volti 1 zinakuwa miliwati 4, unafika 102. Ukiipa volti 2 ni miliwati 16, unafika 108. Ukizidisha volti mara mbili unapata desibeli 6 za ziada, na hesabu hiyo haijali boksi ni la shilingi ngapi.

Sasa unahitaji ngapi? Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza ukasikiliza mpaka saa 40 kwa wiki, ukipanda 90 unabakiwa na saa 4 tu za wiki nzima. Tuseme mpwa wangu ana akili, anakaa kwenye 80. Muziki wenye kupanda na kushuka, mfano taarab ile ya orkestra yenye fidla na kanuni, vilele vyake vinaweza vikaruka desibeli 15 hata 20 juu ya wastani, kwa hiyo anahitaji nafasi ya kufika 100 hivi. Volti 1 inamfikisha na kuvuka. Nusu volti inamwacha njiani kidogo kwenye nyimbo kama hizo, ila kwa bongofleva, ambayo siku hizi inakandamizwa mpaka wastani na kilele vinakaribia kugusana, hata hiyo nusu volti itamuumiza masikio.

Na hapa ndo kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia, mara nyingi kwa sababu na yeye halijui. Kiadapta cha Apple kiko cha aina mbili. Cha soko la Marekani kinatoa volti 1, cha soko la Ulaya kinatoa nusu yake, na kwa macho ni mapacha. Unasoma namba ndogo kwenye waya, A2049 ndiyo ya volti 1, A2155 ndiyo ya nusu. Juu ya hapo, kwenye simu nyingi za Android kinawaka volyumu yake ya ndani ikiwa imeshushwa na simu haina pa kuipandishia, labda utumie programu kama USB Audio Player Pro. Ndiyo maana mtu mmoja anakwambia hiki kidude ni maajabu, mwingine anakwambia ni takataka, na wote wawili hawajasema uongo.

Kwenye laptopu hiyo shida haipo.

Upande wa pili wa hesabu unachekesha zaidi. Zile iyafoni za Kichina za dola 20 ambazo kila mtu anazo, nyingi zinaandikwa omu 24 na desibeli 112 kwa miliwati 1. Piga hesabu ya kufika desibeli 80. Ni kama milivolti 4. Volti moja igawe vipande elfu, chukua vinne. Halafu mtu anaziunganisha kwenye boksi la kuweza kusukuma wati nzima, anazungusha nobu nywele moja tu kelele zimejaa, na nyuma ya wimbo anasikia shiiii. Analaumu iyafoni. Ile shiiii ni mvumo wa amplifaya yenyewe, kwenye hedifoni ngumu ya omu 250 usingeusikia kamwe. Yaani kwa huyo mtu kifaa chenye nguvu ndogo ndicho bora, na hakuna tangazo litakalokwambia hivyo.

Mashindano ya sifuri

Hapo nilikuwa karibu nimalize, nimwambie chukua kiadapta rudisha chenji. Ila nikaanza kujiuliza, je, vipimo? Maana wapimaji wana namba inaitwa SINAD, inaonyesha muziki uko juu kiasi gani ukilinganisha na uchafu wote, mvumo na mpotoko, na hiyo namba inapanda na bei. Kiadapta cha dola 9 kinapata kama 99. Maboksi ya dola mia hivi yanavuka 110, na yapo yanayogusa 120. Ukiyapanga kwenye chati yenye rangi, bluu juu nyekundu chini, unajikuta unataka ya bluu hata kama hujui unaitaka ya nini.

CD, iliyotoka 1982, kwa biti zake 16 ina nafasi ya desibeli 96 hivi. Hapo kiadapta cha dola 9 kishaipita.

Na mimi CD zenyewe nasikiliza mara moja moja. Asilimia kubwa ya ninachosikiliza ni zilipendwa, bendi za dansi zilizorekodiwa RTD miaka ya sabini, mkanda wa sumaku, na mkanda wa namna hiyo hata ukiwa mzima na mashine nzuri unacheza kwenye desibeli 60 au 70 kabla hujauhamishia kwenye kompyuta na mtu kuubana kwenye MP3. Ule mvumo wa mkanda kabla gitaa la solo halijaingia uko juu ya mvumo wa DAC yoyote inayouzwa leo kwa umbali ambao hata kuujadili ni kupoteza muda. DAC ya SINAD 120 itaucheza ule mvumo kwa uaminifu mkubwa sana.

Halafu weka pangaboi. Dar hakuna anayesikiliza muziki chumbani bila pangaboi kuzunguka, na DT 990 ziko wazi nyuma, kila kinacholia chumbani kinaingia sikioni. Feni tu inakula desibeli 40 na ushee za chini. Bado bodaboda, bado jirani na jenereta lake.

Na wala hii habari si mpya. Mwaka 2011 kuna mtu alijiita NwAvGuy, jina lake halisi halijawahi kujulikana hadharani, alichapisha mchoro wa amplifaya aliyoiita O2, bure, kila mwenye kujua kushika chuma cha kulehemu aitengeneze. Vipuri vya kawaida vya bei ya chini, vipimo amemwaga vyote. Hoja yake ilikuwa kwamba amplifaya isiyoongeza wala kupunguza kitu kwenye sauti haina haja ya kuwa ghali, na ubishi aliouzua nadhani haujaisha mpaka leo. Mwaka 2012 akaacha kuandika, kimya. Boksi lake likaendelea kuuzwa na watu wengine, na 2018 JDS Labs, waliokuwa wakiuza hizo O2, wakatoa Atom yao kwa dola 99, yenye vipimo bora zaidi. Kwa hiyo tangu kitambo tatizo la amplifaya safi ya bei ya chini limeshatatuliwa. Kinachouzwa sasa ni sifuri za ziada.

Mzee wa Upanga

Ila kuna kitu kilikuwa kinanibana. Kuna mzee mmoja Upanga, mpenzi wa rumba wa kufa na kupona, ana amplifaya ya mirija, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na Sennheiser HD 600. Kila nikisikiliza kwake nasikia joto. Gitaa la besi linakaa, linajaa. Na sikutaka kumwambia mtu wa umri ule, mbele ya chai yake, kwamba ni volyumu tu.

Nikaenda na mita.

"Shikamoo mzee, naomba leo nikusumbue kidogo na hii." Akaniangalia kama mtu aliyekuja kusoma luku. Tukasawazisha volti kati ya mirija yake na kiadapta changu, kwa mlio wa hezi 1000, mita yangu inafika mpaka huko. Tukasikiliza.

Joto lilikuwepo bado.

Hapo nilipata kigugumizi cha kweli, maana nilikuwa nimeshaandika nusu ya jibu la mpwa wangu kichwani. Nilirudi nyumbani nikiwa sina raha. Jibu lilikuja nilipoacha kuwaza volti nikawaza ukinzani. HD 600 ni hedifoni ya omu 300, ila omu hizo hazikai sehemu moja, kwenye besi karibu na hezi 90 zinapanda mpaka 500 na zaidi. Amplifaya yake ya mirija yenyewe ina ukinzani wa kutolea kama omu 120, fundi wake ndiye aliyeupima. Volti inagawanwa kati ya hivyo viwili. Kwenye omu 300 hedifoni inapata asilimia 71 ya volti, kwenye omu 500 inapata asilimia 81. Tofauti hiyo ni desibeli 1 nzima ya besi, ya kweli, inayopimika, iliyoingia bila mtu kuiweka. Kiadapta changu kina ukinzani wa omu 1 hivi, hakina hiyo zawadi.

Kwa hiyo mzee yuko sahihi na anachosikia kipo. Ila ni desibeli 1, na kwenye ekwalaiza ya simu naiweka kwa kidole.

Nilimpigia kumweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mwanangu, hiyo desibeli yangu moja unataka niirudishe kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Mirija yake inapendeza gizani, na huo nao ni muziki wake.

Ila huo huo ukinzani kwa mwenye iyafoni ni balaa. Iyafoni zenye vipaza vingi ndani zinaweza zikawa omu 16 kwenye hezi fulani na omu 60 na kitu kwenye hezi nyingine. Zichomeke kwenye tundu la omu 30, mfano tundu la hedifoni la mikisa ya zamani, na sauti inapinda karibu desibeli 6, waimbaji wanaingia ndani au sauti kali inakutoboa. Mtu atasema iyafoni ni mbovu. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya hedifoni, na mimi siku hizi nikifungua ukurasa wa kifaa naitafuta namba hiyo kabla ya jina la chipu. Wakiificha nafunga ukurasa.

Ethi

Kuna jamaa mwingine alinunua boksi la mezani, zuri tu, la kuchomeka ukutani, kalinunua kwa sababu alitaka "kupanda daraja" kutoka kwenye adapta. Likaja na mngurumo. Mmmmmm ya chini isiyoisha, na akigusa laptopu inabadilika. Akataka kulirudisha.

Nikamuuliza laptopu yako ikiwa kwenye chaji unaisikia inatekenya mkono? Akasema kila siku. Chaji yake ni ya pini mbili, na soketi zetu hizi za pini tatu mnajua tunavyofanya, tunachokoa lile tundu la juu kwa kalamu ya bik mpaka vifuniko vya ndani vifunguke halafu tunasukuma pini mbili. Tundu la juu ndiyo ethi. Umeme mdogo unaovuja kwenye chaji ukikosa njia unatafuta yoyote, na njia yake ilikuwa waya wa USB, kupitia boksi jipya, kwenda kwenye ethi ya boksi. Njiani unapita kwenye muziki.

Alichomoa chaji, laptopu ikabaki na betri. Kimya kabisa.

Baadaye alimwita fundi, na fundi alivyofungua ile soketi ya laptopu kumbe hata waya wa ethi wenyewe umekunjwa tu nyuma haujafungwa popote. Hapo uwe na SINAD 120 au 200. Kidude kisicho na waya wa ukutani, kinachokula umeme wa simu, kinaruka huo mtego wote bila jitihada, na kwa nyumba zetu nyingi za kupanga hilo peke yake ni sababu tosha ya kuachana na boksi la mezani.

Laki na ishirini

Nilimwandikia mpwa meseji ndefu, naifupisha.

Kama anasikilizia laptopu, kiadapta cha Apple cha A2049 kinatosha. Kama ni simu ya Android, achukue moja ya zile adapta za dola 30 mpaka 50 zenye volti 2 kwenye tundu la kawaida, siku hizi ziko nyingi, FiiO wanazo, Moondrop wanazo, na karibu zote ni safi kuliko sikio lake. Volti 4 za tundu la 4.4, lile nene la pembeni lenye waya wake maalumu, asihangaike nazo, waya wa DT 990 Pro umeganda kwenye hedifoni na mwisho wake ni pini ya kawaida, atalipia tundu la kutazama. Chipu ya DAC iwe ya kampuni ya ESS au ya Cirrus Logic, isimsumbue. Nguvu inayoandikwa "kwenye omu 32" aipuuze, yake ni 250, atafute volti.

Halafu nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. "Pedi zake zikoje?"

Akatuma picha. Zile pedi za kijivu za velveti zimelala kama chapati, upande wa kushoto sponji imegusa kipaza. Pedi zikibonyea hivyo sikio linasogea karibu na spika, besi na sauti za juu zote zinahama, na mabadiliko yake ni makubwa kuliko kitu chochote nilichopima Sinza au Upanga. DT 990 yenyewe tayari ina ukali maarufu karibu na hezi 8000, ule unaofanya herufi "s" ikuchome. Pedi mpya, kisha ekwalaiza ya bure, Wavelet kwenye simu au Equalizer APO kwenye Windows, ashushe pale kwenye 8000 desibeli chache, hapo ndo atasikia hedifoni nyingine.

"Sasa anko, kwa hiyo nisinunue amplifaya?"

Nunua adapta, nikamwambia, simu yako haina tundu. Nobu utainunua siku ukitaka nobu, na ukiitaka wala usijitetee. Mimi mwenyewe naitaka, ile nzito inayozunguka bila kukwama, usiku unashusha sauti bila kutafuta simu ilipo. Ila naiita nobu, siiti sauti.

Amechukua adapta ya volti 2 na ameagiza pedi, chenji imebaki elfu chache. Malalamiko yaliyopo sasa ni ya mwenzake wa chumba, maana hizo Beyer ziko wazi na jamaa anazisikia zote akiwa kitandani.

Kama kuna msomaji Dodoma anauza hedifoni za kufunga nyuma, za bei ya chini, ziwe na pedi nzima, aniachie ujumbe.